Wosia wa Msafiri: Kisa cha Familia ya Askari wa Akiba, Minnesota

Mke wa askari mmoja wa akiba alinipigia simu saa tano kasorobo usiku, akiwa garini nje ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, shifti yake karibu kuanza. Salamu hakunipa. "Dada, na wewe ulikuwa ukijua?" Sikuelewa anauliza nini. Mchana wa siku hiyo, kwenye duka la nyama ya halali, mke wa askari mwenzake na mumewe alimshika mkono akampa pole. Pole ya nini? Ya mume kuitwa. Kikosi cha mumewe, kikosi cha uchukuzi cha Jeshi la Akiba la Marekani, kilikuwa kimeambiwa wiki tano nyuma kwamba kimo kwenye orodha ya vikosi vinavyoweza kupelekwa ng'ambo. Wiki tano mume alirudi nyumbani, akala, akacheza na watoto, akanyamaza.

Wote wawili wameniruhusu kuandika kisa hiki. Majina nimeyaacha, na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha sikuyagusa. Nakiandika kwa sababu familia zetu zilizotoka Afrika Mashariki huwa zinakwama mahali pamoja, na wala si kwenye fomu. Fomu zinajazika. Zinakwama kwenye kauli tuliyolelewa nayo: usilete uchuro.

Walivyokuwa

Mume ni mtu wa Mombasa, miaka thelathini na kitu. Alikuja Minnesota kusoma, akaingia Jeshi la Akiba kupitia MAVNI, mpango uliokuwapo kati ya 2009 na 2016 wa kuandikisha wageni wenye viza halali waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa mojawapo, ndiyo maana utawakuta Wakenya wengi wa rika lake wakivaa magwanda. Uraia aliupata kwa njia hiyo. Kila mwezi huenda mazoezini Jumamosi na Jumapili moja, na kila mwaka wiki mbili. Siku zilizobaki ni msimamizi wa ghala.

Mke naye ni wa Mombasa. Walioana kwa Kadhi miaka minane iliyopita, lakini yeye na binti yao wamefika Minnesota miaka mitatu tu iliyopita. Ana kadi ya ukaazi, uraia bado. Anafanya kazi usiku, siku tatu kwa wiki, kwa sababu usiku hulipa zaidi na kwa sababu mume hulala nyumbani na watoto. Binti ana miaka sita. Mvulana, aliyezaliwa hapa, ana miaka miwili na pumu. Kila mwezi $350 huenda Mombasa: dawa za kisukari za mama mzazi wa mume na karo ya mdogo wake wa mwisho.

Kodi, mkopo wa gari, bima, umeme, dawa za mtoto, vyote vilikuwa ndani ya simu ya mume. Hakuvificha. Alimtangulia mkewe nchi hii kwa miaka mingi, akazoea kushika yote, na mke akaona ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli. Ila ni mapenzi yanayomwacha mtu hajui hata kodi hulipwa wapi.

Kikao cha kwanza

Nilikwenda Jumamosi baada ya alasiri. Mume alinipokea kwa heshima zote, chai ya maziwa na mahamri, kisha akaanza kujitetea kabla sijauliza. "Shemegi, amri ya maandishi haijaja. Nimwambie nini? Nimtie hofu bure?"

Hakuwa akidanganya. Askari wa akiba anaishi na neno "huenda". Kikosi hupewa taarifa ya mapema, tarehe ikasogezwa, safari ikafutwa, halafu ikarudi kwa jina jingine. Rais akiwa ametangaza hali ya dharura ya kitaifa, kama ilivyofanyika 14 Septemba 2001, sheria inaruhusu askari wa akiba aitwe hadi miezi 24 mfululizo. Nilimwambia neno moja tu: kama wewe unaweza kuishi na "huenda", mkeo naye anaweza, kwa sharti aisikie kwako.

Mimi mwenyewe niliisikia kwa wengine. Mume wangu alikuwa katika Walinzi wa Taifa wa Minnesota, askari wa akiba wa jimbo, Brigedi ya 1 ya Divisheni ya 34, waliofika Iraq Machi 2006. Januari 2007, nikiwa nimeshaanza kuhesabu wiki za kurudi kwake, nikaona kwenye runinga kwamba wameongezewa siku 125. Runinga ilinifikia kabla ya jeshi. Walirudi Julai. Tangu hapo sina imani na tarehe, na simfundishi mke wa askari kuhesabu siku.

Mke alikuwa kimya muda wote, mvulana amemlalia mapajani. Kisha akauliza, sauti ya chini, akimtazama mumewe: "Na ukifa?"

"Mama watoto, usilete uchuro."

Hapo ndipo kikao kingekufa, kama nilivyoona vikifa vingine. Kilichokiokoa ni simu. Kila Jumamosi jioni mama wa Mombasa hupiga kwa video, huko kwake usiku umekwenda sana, na siku hiyo alipiga huku nyuso zetu zikiwa vile. Akauliza kuna msiba gani. Mume akababaika. Mama akangoja. Mwishowe akaambiwa, naye ndiyo kwanza anasikia.

Bibi yule hakulia. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za mizigo. Akasema, nayanukuu kama nilivyoyashika: "Babako akipanda meli hakuniambia atarudi lini. Aliniambia nani anamdai na nani anadaiwa naye." Kisha akamkumbusha mwanawe hadithi ya Mtume ambayo kila mtoto wa chuo cha Qur'ani ameisikia, kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wosia wake umeandikwa. "Wewe umelala siku ngapi?"

Kuanzia hapo jambo likabadilika jina. Halikuwa tena kutabiri kifo. Lilikuwa wosia wa msafiri, jambo la sunna na la kawaida ya watu wa pwani. Nimekaa na familia nyingi, sijawahi kupata neno lililofungua mlango upesi kama hilo. Natamani ningelijua miaka kumi iliyopita.

Tulichokuta kwenye karatasi

Juma lililofuata mume alifungua kumbukumbu zake za jeshi mbele ya mkewe. Niliwaomba wafanye pamoja, meza moja, kwa sababu nilishuku kitakachoonekana.

Bima ya maisha ya askari, SGLI, aliijaza siku alipoandikishwa, kijana asiye na mke. Alimwandika kaka yake mkubwa, asilimia mia. Machi 2023 kiwango cha juu cha bima hiyo kilipanda kutoka $400,000 hadi $500,000. Kiasi kikapanda, jina likabaki lile lile. Fomu ya taarifa za dharura, DD 93, ilikuwa mbaya zaidi: ilisema hana mke, anwani ni nyumba ya wanafunzi aliyohama zamani, na fedha za kifo, zile $100,000 ambazo serikali hulipa upesi askari akifa kazini, zote zimeandikwa kwa mama.

Mke aliondoka mezani akaenda jikoni. Akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Lazima nimtetee mume hapa. Hakuna hila. Nimeona hivi kwa vijana wa kila kabila waliojiandikisha wakiwa peke yao: fomu hujazwa siku ya kwanza, na hakuna anayeirudia. Lakini bima haifuati wosia wala mirathi, humfuata aliyeandikwa. Kaka angekuwa mwema kiasi gani, mjane angelazimika kwenda kumwomba shemejiye fedha za kulea watoto wa mumewe, bahari mbili katikati. Na anwani ile ina maana yake pia. Kifo cha askari hakitangazwi kwa simu. Askari wawili wenye sare rasmi huja mlangoni kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Wangegonga mlango wa wanafunzi wasiomjua. Nilimwambia mke jambo hilo hasa ili alishike: mtu akikupigia simu akisema mumeo ameumia Jordan au Kuwait na hospitali inataka fedha, kata simu.

Waligawaje? Mume alitaka mama apate sudusi, kama fungu la mama katika mirathi marehemu akiacha watoto. Kama bima yenyewe ni mali ya mirathi au sivyo ni swali la wanazuoni, na walimuuliza sheikh wao. Mimi sikutia mkono. Kwenye SGLI akaandika asilimia 17 kwa mama na 83 kwa mke. Kwenye fedha za kifo fomu hukubali mafungu ya asilimia kumi kumi tu, kwa hiyo 20 na 80. Watoto hawakuandikwa moja kwa moja, kwa makusudi: mtoto mdogo hakabidhiwi fedha hizo mkononi, na bila mpango wa kisheria huingia mahakamani kutafutiwa msimamizi.

Simu ya kumweleza kaka aliipiga mume mwenyewe. Ilidumu dakika nne. Kaka alisema hata hakumbuki kwamba aliwahi kuandikwa.

Kisha mvulana. Mke na binti walikuwa wamesajiliwa kwenye daftari la jeshi la familia, DEERS. Mvulana hayumo, kwa sababu siku zote walitumia bima ya afya ya ghala na hawakuona haja. Askari wa akiba akiitwa kwa zaidi ya siku 30, familia yake huingia TRICARE, bima ya afya ya jeshi, na amri ikitoka mapema kinga yaweza kuanza hadi siku 180 kabla ya siku ya kuripoti. Yote hayo hayamhusu mtoto asiye kwenye daftari. Mtoto mwenye pumu, baridi ya Januari, bima haimtambui: hilo peke yake lilitosha kunikosesha usingizi. Walikwenda na cheti cha kuzaliwa na namba yake ya hifadhi ya jamii, wakalimaliza asubuhi moja. Pia walimuuliza daktari wa mapafu wa mtoto kama anaipokea TRICARE, maana sheria ya ajira ya askari ya 1994, USERRA, inaruhusu kubaki na bima ya mwajiri hadi miezi 24, ila waweza kutozwa gharama yote na asilimia mbili juu. Daktari anaipokea. Wakaamua kutolipia mbili.

Jambo ambalo hakuna mtu alilikumbuka ila mama wa Mombasa, aliyeuliza "na nikizikwa, wajukuu watakuja na nini?", lilikuwa pasipoti. Mtoto wa chini ya miaka 16 hapewi pasipoti ya Marekani bila ridhaa ya wazazi wote wawili. Baba akiwa kambini jangwani, ridhaa hiyo ni karatasi ya kusainiwa mbele ya afisa na kutumwa kwa posta. Baba akiwa sebuleni, ni safari ya saa moja. Mke naye, kwa kuwa ni mke wa raia na ametimiza miaka mitatu na kadi yake, aliomba uraia mwezi huo huo, vyeti vya ndoa na kodi vikiwa bado vinatafutwa na watu wawili.

Hati ya uwakili, ya kumruhusu mke kutenda kwa niaba ya mume, iliandikwa bure na wanasheria wa jeshi. Ya jumla mabenki mengi huikataa, kwa hiyo waliandika na mahususi: gari, kodi ya mapato, akaunti. Afisa alipendekeza muda wa mwaka mmoja. Nilisisitiza miezi 18, na sababu yangu mnaijua.

Mume kutokuwepo, kwa majaribio

Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote, kwa sababu haigharimu kitu na karibu hakuna anayeifanya. Askari wa akiba anaondoka nyumbani kila mwezi. Wake wengi huzivumilia siku zile mbili: bili zinangoja, gari linangoja, "atarudi Jumapili jioni". Niliwaomba wazitumie. Mume akienda mazoezini, ahesabiwe hayupo kabisa. Haulizwi kitu. Kila kinachokwama kinaandikwa kwenye daftari, naye akirudi wanakaa nalo.

Mwezi wa kwanza daftari lilijaa kurasa mbili. Benki ilituma namba ya kuingilia kwenye simu ya mume. Duka la dawa halikumpa mke dawa ya kuvuta ya mtoto kwa sababu agizo lilikuwa kwenye programu ya mume, na mtoto alikuwa ameanza kukorota. Ilibidi ampeleke kliniki ya dharura kupata agizo jipya. Alirudi nyumbani saa saba usiku, ametetemeka, na akaandika kwenye daftari mstari mmoja: "Dawa iwe kwa jina langu." Kama jambo hilo lingetokea mume yuko Kuwait, lisingekuwa mstari daftarini.

Mwezi wa pili lilikuwa gari. Mke ana leseni, lakini barabara kuu ya I-94 hakuwahi kuiendesha, achilia mbali wakati wa theluji. Chuo anachosoma binti Qur'ani kila Jumapili kiko upande wa pili wa mji na baba ndiye dereva. Mume alitaka kutafuta mtu wa kumpeleka mtoto. Mke alikataa. Walikwenda pamoja Jumapili nne, yeye kwenye usukani, mume kando akijizuia kusema. Ya tano alikwenda na watoto peke yake, kilomita hamsini kwa saa, watu wakimpigia honi nyuma, akafika.

Mwezi wa tatu ukurasa ulikuwa na mambo matatu, moja likiwa ni jinsi ya kubadilisha kichujio cha mtambo wa kupasha nyumba joto. Dakika tano za kazi. Miaka mitatu hakuwa amelijua.

Fedha tulizipitia haraka kuliko nilivyotarajia. Mkopo wa gari waliuchukua kabla ya kuitwa, kwa riba ya asilimia 13. Sheria ya 2003 ya kuwalinda askari, SCRA, inashusha riba ya deni kama hilo hadi asilimia 6 kwa muda wa utumishi, lakini mkopeshaji hafanyi hivyo mwenyewe. Huandikiwa barua na kuambatishiwa nakala ya amri. Barua iliandikwa, ikawekwa kwenye bahasha, tarehe tu haijajazwa. Kwa mwajiri mume alisita sana, akiogopa kupandishwa cheo kwa mwingine. Alimweleza kwa maandishi hata hivyo. Kazi yake inalindwa na USERRA, ila na yeye ana wajibu: akitumikia zaidi ya siku 180, ana siku 90 baada ya kumaliza za kuomba kurudi. Tuliziandika ndani ya jalada la karatasi zao kwa wino mwekundu, maana aliyerudi kutoka vitani hakumbuki siku.

$350 za Mombasa zitaendelea, na mke ndiye atakayezituma. Hilo lilikuwa pendekezo la mume, na nililipenda. Mjumbe wa fedha akiwa mke, mawifi humpigia mke.

Nani atalala na watoto

Jibu la kwanza la kila mtu lilikuwa mama aje. Ni jibu la asili yetu, na kwa familia hii lilikuwa jibu bovu. Mgeni mwenye viza ya matembezi kwa kawaida hupewa miezi sita, na miadi ya viza Nairobi haiamriwi na mtu. Bibi mwenye kisukari, bila bima ya afya Marekani, akiugua atakuwa mtu wa tatu wa kutunzwa na mtu mmoja. Mama mwenyewe alilisema wazi: "Nitakuja kuwaona, kulea sitaweza."

Jeshi hudai mpango rasmi wa malezi kwa mzazi aliye peke yake na kwa wanandoa ambao wote ni askari. Familia hii haikulazimika. Niliwaomba waujaze tu, fomu DA 5305, kama zoezi, kwa sababu inauliza jina la mtu na simu yake, na majibu ya "tutajaliwa" hayana nafasi humo. Ndipo mke alipoamua kuhamia shifti ya mchana, akubali kupoteza nyongeza ya usiku. Mvulana atakwenda kwa mama mmoja Msomali mwenye leseni ya kulea watoto nyumbani, jirani wa mtaa wa pili. Usiku wa dharura watalala kwangu, na ufunguo wa nyumba yao ninao.

Binti

Baba alitaka kuondoka alfajiri, watoto wakiwa wamelala. Wababa wengi wema hutaka hivyo. Nilimkatalia. Mtoto anayelala na baba yuko akaamka hayuko hujifunza kuogopa usingizi. Niliona kwa mwanangu mwenyewe, miezi mingi.

Walimwambia wote wawili, mchana, kwa maneno machache: jeshi laweza kumwita baba akafanye kazi mbali, hatujui siku, ikijulikana utaambiwa. Swali lake la kwanza lilikuwa nani atanipeleka chuoni. La pili lilikuja siku tatu baadaye, akiogeshwa: "Ni kwa sababu nilivunja simu ya baba?" Kwa hiyo nasema, mtoto wa miaka sita akikaa kimya msidhani ameelewa. Anatafuta kosa lake.

Mnyororo wa karatasi wa kukata kipande kila siku hadi baba arudi sikuwashauri. Tarehe ikisogea, mtoto huona mnyororo umemdanganya. Badala yake baba alirekodi hadithi za Sungura na Fisi, ishirini na moja, kila moja ikianza na "Paukwa", kisha kimya kidogo ili mtoto apate kujibu "Pakawa". Mwalimu wake wa shule ameambiwa.

Kisha likaja la chuoni. Mtoto mwenzake alimwambia, babako anakwenda kuua Waislamu. Binti alilirudisha nyumbani kama lilivyo, mbele ya wageni. Siwezi kuliandika jepesi, kwa sababu si jepesi, na wapo jamaa zetu wanaolisema kwa dhati. Mume alilijibu kwa mtoto wake kwa kweli anayoijua: huendesha lori la mafuta na maji. Kwa dhamiri yake amejibu mwenyewe na Mola wake, wala sikumuuliza. Nilichomzuia ni kumwambia mkewe, kama alivyokuwa akisema, "mimi dereva tu, hakuna hatari." Mke alikuwa ameshasoma habari za Tower 22, kambi ya Jordan iliyopigwa na droni 28 Januari 2024. Waliouawa walikuwa askari watatu wa akiba, wa kikosi cha uhandisi kutoka jimbo la Georgia, wakiwa mahali pao pa kulala. Mtu akidanganywa kwa hili, hata la kweli hataliamini. Imamu wa msikiti aliendewa na mume mwenyewe, akazungumza na walimu wa chuo. Wamama wawili wameacha kumsalimu mke. Watatu wamempa namba zao za simu. Hao watatu wameandikwa kwenye jalada.

Upande wa Mombasa

Siku chache baada ya simu ile ya Jumamosi, binamu aliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, watu zaidi ya mia: ndugu yetu anapelekwa vitani, tumuombee dua, na akataja mwezi na nchi aliyodhani. Kwa nia njema kabisa. Iliondolewa ndani ya saa moja, lakini kundi lina watu wa nchi tano. Sasa kaka mkubwa amepewa kazi ya kuwa mlango wa habari: tarehe, mahali na jina la kikosi haviandikwi popote, na anayetaka habari humuuliza yeye.

Kazi yake ya pili ni nzito zaidi. Mama akizidiwa au akifariki, habari haiendi kwa askari kwa WhatsApp. Hupelekwa Msalaba Mwekundu wa Marekani, wao huthibitisha na hospitali kisha hupeleka ujumbe kwa kamanda. Ruhusa ya kurudi hutoa kamanda, si Msalaba Mwekundu. Kaka ana karatasi yenye jina kamili la askari, tarehe ya kuzaliwa na maelezo mengine yanayotakiwa, na amejua ampigie nani Minnesota ayapeleke.

Nilimwambia mume pia lile ambalo karatasi haisemi. Sisi tunazika siku hiyo hiyo. Hata akiruhusiwa papo hapo, atakuta kaburi. Alikuwa anajua, ila hakuwahi kuambiwa na mtu. Jumamosi iliyofuata alimwambia mama, na mimi nilikuwepo. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akarekebisha mtandio. "Niswalie huko huko uliko," akasema. "Swala ya ghaibu ipo."

Palipofikia

Hadi naandika, amri ya maandishi haijatoka. Majira ya kuchipua kikosi kiliambiwa tarehe imesogezwa mbele, hakuna aliyesema hadi lini. Mke anaendesha I-94 kila Jumapili. Jalada liko juu ya friji, la kijani, na nakala iko kwangu. Juzi mvulana aliumwa usiku baba akiwa mazoezini, na nilipata habari asubuhi yake, mtoto ameshapona.

Ukurasa mmoja bado mweupe: nani awe mlezi wa watoto ikiwa wazazi wote wawili watafariki. Mume anamtaka kaka yake, Mombasa. Mke anataka wakulie hapa walipozoea shule. Wamekaa nao mara tatu, na mara ya tatu waliinuka bila kusemeshana. Sijawashinikiza. Tumekubaliana tukae tena baada ya Idi, mama naye akiwa kwenye simu.